Mfumo Mpya wa Fedha Chuoni: Swali la Fomu ya Manjano

Katika ukumbi wa chuo kimoja cha huku kwetu Kilimanjaro niliwahi kuketi siku nzima kwenye semina ya kutambulisha mfumo mpya wa fedha. Tulikuwa watu wapatao 80, projekta moja, na mtaalamu aliyetoka Dar es Salaam ambaye alifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine kwa mwendo wa mtu aliyeizoea kazi yake. Ilipokaribia saa sita mchana, katibu muhtasi wa idara moja, mama wa makamo aliyekuwa na daftari mapajani, alinyoosha mkono akauliza: "Samahani mwalimu, na ile fomu ya manjano tunaiacha au tunaendelea nayo?" Mtaalamu hakujua fomu ya manjano ni ipi. Mhasibu aliyeketi safu ya mbele akasema jambo hilo lingetazamwa baadaye, semina ikaendelea, na mpaka tunaagana hakuna aliyelirudia.

Kila chuo kinapotangaza kubadili mfumo wake wa fedha, maneno huzagaa mjini kabla mfumo wenyewe haujawashwa. Mwanafunzi anahofia kwamba ada aliyokwisha kulipa haitaonekana. Mama anayepeleka maharage na mchele jikoni kwa chuo, ambaye mzigo wake anaununua Soko la Mbuyuni, anauliza kama LPO aliyonayo mkononi, yaani hati ya chuo ya kuagiza mzigo, itaheshimiwa. Mhadhiri analalamika kwamba masurufu yake "yamemezwa na mfumo", na mhasibu kijana ananong'onezwa kwamba kompyuta imekuja kuchukua kazi yake. Hofu hizi zote zina majibu, na mengi kati ya majibu hayo si ya kitaalamu hata kidogo, ila hutolewa kwa kuchelewa, au hutolewa kwa lugha ambayo mhusika haielewi. Makala hii inakusudia kueleza mfumo wa fedha ni kitu gani, unabadilisha nini hasa, na kwa nini taarifa na mafunzo ni sehemu ya mfumo wenyewe, wala si sherehe ya kuuzindua.

Daftari linaloweza kukataa

Tuanze na lililo rahisi. Mfumo wa fedha wa chuo ni daftari la hesabu. Kanuni yake kuu ni ile ile iliyochapishwa na mtawa wa Kiitalia, Luca Pacioli, mjini Venice mwaka 1494, kwamba kila shilingi huandikwa mara mbili, mahali ilikotoka na mahali ilikokwenda, ili pande mbili zikilinganishwa ziwe sawa. Mweka hazina wa kikundi cha vikoba pale Pasua anaifuata kanuni hiyo hata kama hajawahi kulisikia jina la Pacioli, kwa sababu anajua kwamba fedha ikipungua sandukuni lazima ionekane imeongezeka kwenye deni la mwanachama fulani.

Kinacholitofautisha daftari la kompyuta na lile la karatasi ni mambo mawili. La kwanza ni kwamba watu wengi wanaandika ndani yake kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa ofisini kwake. La pili, na hili ndilo linaloleta mtafaruku, ni kwamba daftari hili linaweza kukataa. Daftari la karatasi hupokea chochote utakachoandika, hata kama ni kosa, na kosa hilo litakuja kugunduliwa na mkaguzi miezi mingi baadaye. Programu iliyopangwa vizuri hukwambia pale pale kwamba kifungu hicho cha bajeti hakina fedha, au kwamba ankara hiyo imekwisha kulipwa, au kwamba wewe huna mamlaka ya kuidhinisha. Mtu asiyeandaliwa kukataliwa na mashine huona ameonewa.

Yafaa pia kuitofautisha programu hii na vitu vinavyofanana nayo. Si benki, fedha za chuo ziko benki, na programu inaandika habari zake tu. Wala si ile njia ya kulipia ada kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi wetu tunaiita kontro namba. Hiyo, kwa taasisi za umma, hutolewa kupitia GePG, mfumo wa Serikali wa malipo ya kielektroniki ulioanza kutumika mwaka 2017. Ununuzi wa umma nao una mlango wake, yaani NeST, uliochukua nafasi ya mfumo wa awali, TANePS, mwaka 2023. Chuo cha umma kama Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kinafuata njia hizo za Serikali, ilhali vyuo vya binafsi na vya madhehebu ya dini, ambavyo Kilimanjaro na Arusha vipo vya kutosha, huchagua na kununua programu ya uhasibu vyenyewe. Kwa hiyo mtu akisema "mfumo haufanyi kazi", swali la kwanza la kumuuliza ni mfumo upi, kwa kuwa mlango uliokwama huenda si ule unaolaumiwa.

Safari ya shilingi 640,000

Sasa turudi kwenye fomu ya manjano. Tuchukue mfano wa mhadhiri anayetaka kuwapeleka wanafunzi wake Kibosho kwa siku 2 wakajifunze kazi za chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Anahitaji masurufu, yaani fedha inayotolewa kabla ya kazi kwa sharti kwamba baadaye itarejeshwa kwa stakabadhi na salio. Anaomba shilingi 640,000.

Kwa utaratibu wa zamani, katibu muhtasi alijaza fomu ya manjano: jina, sababu ya safari, tarehe, kiasi. Mkuu wa idara akaweka sahihi. Fomu ikapelekwa kwa mhasibu wa bajeti, ambaye alifungua leja yake, akatafuta kifungu kinachofaa, kisha akaandika kwa penseli, juu kabisa kwenye kona ya kulia ya karatasi, namba ya kasma. Kasma ni namba ya fungu la bajeti. Ndiyo inayoeleza fedha hii inatoka kwenye fungu la mafunzo kwa vitendo, la safari za kikazi, au la utafiti. Fomu ikaendelea na safari yake kwa mkaguzi wa ndani na kwa mkuu wa fedha, na baada ya siku kadhaa fedha ikaingia.

Kwa mfumo mpya, katibu muhtasi anafungua ukurasa wa maombi. Jina, sababu, tarehe na kiasi viko pale pale. Kisha inakuja sehemu yenye kialama chekundu inayomtaka achague kasma, na orodha inashuka yenye mistari zaidi ya 100, yote kwa Kiingereza, yote ikiwa imefupishwa. Bila kuchagua, ukurasa hauendi mbele.

Hapo ndipo penye fundo la jambo hili lote. Ile namba ya penseli kwenye kona ya fomu ilikuwa kazi ya mhasibu wa bajeti, aliyeisomea na kuifanya kwa miaka. Sasa imehamia kwa katibu muhtasi, na hakuna aliyemwambia. Alifundishwa jinsi ya kuingia, jinsi ya kubonyeza na jinsi ya kutuma, lakini hakufundishwa kuchagua kasma, kwa sababu wale walioandaa mafunzo walijiuliza mfumo unafanyaje kazi, wakasahau kujiuliza kazi ya kila mtu inabadilikaje. Swali lake la fomu ya manjano, ambalo ukumbini lilionekana dogo, lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile.

Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Katibu atachagua mstari wa kwanza unaofanana na anachokitafuta. Safari ya Kibosho itakatwa kwenye fungu la safari za kikazi za wafanyakazi. Mwezi wa 3 fungu hilo litakuwa limekauka, mkuu wa idara atakataliwa safari yake halali, na idara nzima itasema mfumo ni mbovu. Mfumo haukukosea. Mtu ndiye aliyeachiwa uamuzi bila kupewa elimu ya kuufanya.

Kuna jambo jingine ndani ya safari hiyo hiyo. Ombi likishaidhinishwa, salio la fungu hupungua shilingi 640,000 hata kabla ya fedha kutoka benki, na wengi wakiona hivyo husema bajeti yao imeliwa. Hiyo ni hatua ya kufungia fedha. Ni kama mwenye duka la vitenge anapokuwekea pembeni doti uliyoichagua: bado hujailipia, lakini hakuna mteja mwingine atakayeuziwa. Ombi likifutwa, doti inarudi rafuni.

Na mhadhiri akirudi Kibosho asirejeshe masurufu kwa stakabadhi, mfumo utamkatalia ombi linalofuata. Sharti hili halikuletwa na kompyuta. Limekuwamo siku zote ndani ya kanuni za fedha, isipokuwa zamani mtu aliweza kwenda kwa mhasibu, akaamkiana naye vizuri, akaeleza shida zake na kupewa nafasi. Kompyuta haina muhali. Ni haki watu waambiwe wazi kabla ya siku ya kuanza kwamba kanuni waliyozoea kuiona ikilegezwa sasa itakaza, kuliko kuwaacha waigundue wakiwa na wanafunzi 30 na basi limewashwa.

Sanduku lenye kufuli tatu

Watu wengi hukerwa na idadi ya watu wanaotakiwa kupitisha malipo moja. Anayeandaa si anayehakiki, na anayehakiki si anayeidhinisha. Wengine hudhani ni urasimu uliovishwa nguo mpya.

Lakini ni jambo tunalolifanya wenyewe. Sanduku la vikoba huwa na kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti ambao hawakai nyumba moja. Hakuna anayeona katika utaratibu huo dalili ya kutoaminiana. Tunaona unamlinda hata mshika ufunguo, kwa maana fedha ikipotea hawezi kusingiziwa peke yake. Mfumo wa fedha umejengwa kwa wazo hilo hilo, na nenosiri ndilo ufunguo.

Ndiyo maana tabia ya mkubwa kumwachia katibu wake nenosiri, ili "amsaidie kupitisha" akiwa safarini, ni hatari kwa wote wawili. Kila linalofanyika linaandikwa kwa jina la mwenye nenosiri, pamoja na tarehe, saa na dakika. Mkaguzi akija, kumbukumbu zitasema mkuu aliidhinisha malipo saa 4:12 asubuhi, siku ambayo kila mtu anajua alikuwa msibani Rombo. Mafunzo kwa wakuu wa idara na wakuu wa vitivo hayana budi kuanzia hapa, na kuwaonyesha jinsi ya kumkaimisha mtu rasmi ndani ya mfumo, kazi ambayo huchukua dakika chache. Kwa bahati mbaya wakuu ndio wanaokosa semina mara nyingi, kwa kuwa wana vikao, na hutuma wawakilishi ambao hawana mamlaka ya kuidhinisha chochote.

Taarifa, mafunzo, na mtu wa kuuliza

Maneno haya huchanganywa sana. Tangazo lililobandikwa ubaoni kwamba "mfumo wa zamani utafungwa tarehe 30 Juni" ni taarifa, tena ni nusu yake. Taarifa kamili humweleza kila kundi nini kinabadilika kwake, kuanzia lini, na afanye nini na mambo yaliyo njiani. Mama wa maharage hahitaji kujua jina la programu. Anahitaji kujua kwamba LPO yake ya zamani itapokelewa hadi tarehe fulani, kwamba baada ya hapo itabidi atolewe mpya, na kwamba jina la akaunti yake ya benki lifanane herufi kwa herufi na jina alilojiandikisha nalo chuoni. Mwanafunzi anahitaji kujua kwamba malipo aliyoyafanya yatahamishwa kama salio la kuanzia, na aelezwe afike wapi na stakabadhi gani iwapo ataona tofauti.

Hapa pana jambo ambalo vyuo hulisahau. Kipindi cha kubadili mfumo ni msimu wa matapeli. Mzazi aliyesikia kwamba chuo kina mfumo mpya huwa tayari kuamini ujumbe wa simu unaomwambia alipe ada "kwa namba mpya". Kwa hiyo taarifa kwa wazazi lazima iseme mapema, tena zaidi ya mara moja, kwamba malipo yatafanyika kwa kontro namba ambayo mwanafunzi mwenyewe ameichukua kwenye akaunti yake ya chuo, na kwamba hakuna ofisa atakayepiga simu kuomba fedha zitumwe kwa namba ya mtu.

Mafunzo ni kitu kingine. Taarifa inajibu "nini na lini". Mafunzo yanajibu "nifanyeje". Hayawezi kuwa yale yale kwa watu wote. Mtunza bohari anatakiwa ajifunze kupokea mzigo na kulinganisha kilichofika na kilichoagizwa. Msimamizi wa hosteli anahitaji kuona nani amelipa malazi. Kuwaweka ukumbi mmoja na mhasibu anayefunga hesabu za mwezi ni kuwapotezea muda wote watatu.

Mafunzo yanayoshika, kwa uzoefu wangu, ni yale ambayo mtu anakuja na karatasi zake. Katibu aje na fomu zake 5 za manjano za mwezi uliopita, aziingize yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwenye nakala ya majaribio ambayo kukosea ndani yake hakumgharimu mtu shilingi. Akikwama kwenye kasma, hapo hapo mhasibu wa bajeti amweleze kwa nini safari ya Kibosho ni mafunzo kwa vitendo na si safari ya kikazi. Akimaliza ya tano, atakuwa amejifunza zaidi ya alivyojifunza siku nzima akiangalia projekta.

Lugha nayo ina uzito wake. Programu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na vitufe vyake vitabaki hivyo. Hakuna kinachozuia mwongozo kuandikwa kwa Kiswahili, kurasa chache zenye picha ya ukurasa halisi na mshale unaoonyesha pa kubonyeza, pamoja na maelezo kwamba neno hili maana yake ni hili. Mpishi mkuu na dereva wanaotakiwa kuomba gesi na mafuta kupitia mfumo watauelewa bila shida wakielezwa kwa lugha wanayoitumia kazini. Nimeshangaa mara nyingi kuona fedha nyingi zikitumika kununua programu, na mwongozo wa Kiswahili wa kurasa 6 ukikosa mtu wa kuuandika.

Kisha kuna mtu wa kuuliza. Baada ya semina kila mmoja hurudi ofisini kwake, na maswali ya kweli huanza Jumatatu saa 3 asubuhi. Kila idara inapaswa kuwa na mtu mmoja aliyefundishwa kwa kina zaidi, aliye jirani, na aliyepunguziwa kazi zake nyingine kwa miezi ya mwanzo. Bila kupunguziwa, atawakwepa wenzake, na hatakuwa na kosa.

Mizani mbili, gunia moja

Mkulima wa kahawa wa mlimani hakubali mizani mpya kwa kuambiwa tu kwamba ni ya kisasa. Anataka gunia lile lile lipimwe kwenye mizani ya zamani na kwenye mpya, aone kwa macho yake kama kilo zinalingana. Jadi hiyo ya kuhakiki ni ya siku nyingi. Vyama vya wakulima wa kahawa vya Kilimanjaro vimekuwapo tangu miaka ya 1920, na KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, ilianzishwa mwaka 1933.

Katika mifumo ya fedha jambo hilo lipo na lina umuhimu ule ule. Kwa mwezi mmoja au zaidi, miamala inaingizwa kote kuwili, kisha hesabu zinalinganishwa. Ni kazi mara mbili, watu huchoka, na uongozi hushawishika kuiruka. Lakini ndiyo njia ya kugundua kwamba mwanafunzi fulani alihamishwa na deni alilokwisha kulipa, au kwamba mzabuni mmoja ameingizwa mara mbili kwa tahajia tofauti za jina lake. Wafanyakazi wakielezwa kwamba kazi hiyo ya ziada ina mwisho, na mwisho wenyewe ni tarehe fulani, wataivumilia. Wasipoelezwa, watadhani ndiyo hali mpya ya kudumu.

Kuhusu wakati, kuna mtego. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na ni busara kuanza daftari jipya siku ya kwanza ya mwaka mpya. Ila Juni ndio mwezi ambao wahasibu wanafunga mwaka na hawana nafasi hata ya kunywa chai, kwa hiyo mafunzo yao hupachikwa Machi au Aprili, na Julai ikifika wamesahau. Nadhani ni heri mafunzo ya awali yafanyike mapema, kisha yarudiwe kwa ufupi katika wiki mbili za mwanzo wa Julai, mtu akiwa na kazi halisi mbele yake. Wahadhiri na wanafunzi, ambao wengi wao huingia Oktoba au Novemba, wapangiwe wakati wao.

Yanayosemwa mitaani

Husemwa kwamba vijana hawahitaji mafunzo na wazee hawayawezi. Nimeona kinyume chake mara nyingi. Kijana anabonyeza haraka na kuingiza kosa kwa haraka ile ile. Mhasibu wa miaka 55 anachelewa kupata kitufe, lakini akiona ankara ya tani 3 za sukari kwa wanafunzi 200 anasimama na kuuliza. Mfumo unawahitaji wote wawili wakae meza moja.

Husemwa pia kwamba umeme ukikatika kila kitu kinapotea. Kilichokwisha kuhifadhiwa hakipotei kwa kuwa hakikai kwenye kompyuta ya ofisini bali kwenye kompyuta kuu. Kinachopotea ni ule ukurasa uliokuwa ukiujaza bila kuuhifadhi. Kwa hiyo dawa ni mazoea ya kuhifadhi kila baada ya mistari michache, na hilo lifundishwe siku ya kwanza.

Kauli kwamba malipo "yamekwama kwenye mfumo" ndiyo inayowaumiza wazabuni zaidi, kwa sababu humfunga mdomo anayedai. Malipo hukwama mahali mahususi, na mfumo wenyewe unaonyesha ni wapi. Pengine hati ya malipo inasubiri mwidhinishaji ambaye hajafungua ukurasa wake kwa siku 4. Pengine kifungu hakina fedha. Pengine benki imerudisha malipo kwa sababu akaunti ina jina la biashara na chuo kiliandika jina la mwenye biashara. Mfanyakazi aliyefundishwa vizuri anaweza kumwambia mama wa maharage, "Mama, hati yako iko kwa mhakiki tangu juzi, nitampigia." Jibu hilo moja lina thamani kubwa mno kwa mtu aliyekopa mtaji.

Na wapo wanaoamini, hasa miongoni mwa wakubwa, kwamba kompyuta haikosei na hivyo tofauti ikionekana ni mtu ameiba. Imani hii ni ya hatari kuliko zote. Nchini Uingereza, shirika la posta lilianza kutumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon mwaka 1999. Mfumo ulikuwa na kasoro zilizoonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo, na wasimamizi wa matawi waliolalamika hawakusikilizwa. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa, wengine wakafilisika. Mahakama Kuu ilithibitisha kasoro za mfumo huo mwaka 2019, na mwaka 2024 Bunge la huko lilipitisha sheria ya kuzifuta hukumu zile. Kwa hiyo mafunzo lazima yajumuishe njia ya kupinga hesabu: fomu gani inajazwa, nani anachunguza, na katika siku ngapi anatakiwa kutoa jibu.

Vyuo vyenye uwezo mkubwa kuliko vyetu vimejikwaa katika haya. Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kutumia mfumo ulioitwa CAPSA mwaka 2000, mambo yakaenda mrama, na mwaka uliofuata wataalamu wawili, Michael Shattock na Anthony Finkelstein, walitoa ripoti iliyogusa uongozi na maandalizi, si programu peke yake. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Edinburgh kiliwasha upande wa fedha wa mfumo wake mpya, na wazabuni pamoja na wanafunzi wa uzamivu wakacheleweshewa malipo yao. Mwanafunzi aliyekosa fedha ya pango hakujali programu hiyo ilikuwa na uwezo gani.

Fomu ya manjano ilivyoendelea

Kwenye chuo kile cha semina, fomu ya manjano haikufa. Makatibu waliendelea kuijaza, wakaipeleka kwa mhasibu wa bajeti kama kawaida, akawaandikia kasma kwa penseli kwenye kona, nao wakarudi nayo ofisini na kuinakili kwenye kompyuta. Kazi ikawa ndefu kuliko zamani, na ripoti kwa uongozi ikaonyesha kwamba idara zote zinatumia mfumo mpya.

Lililokuja kusaidia lilianzia kwa mhasibu yule yule wa bajeti, alipochoshwa na foleni mlangoni kwake. Alikaa jioni mbili, akachambua fomu za mwaka mzima, akaona kwamba kila idara ilikuwa ikitumia kasma zisizozidi 12. Akaandika kila moja kwa Kiswahili, na mbele yake mfano mmoja au miwili: "safari ya wanafunzi kwenda shambani", "wino wa printa", "chai ya kikao". Akachapa karatasi moja kwa kila idara na kuzipeleka mwenyewe, mlango kwa mlango, akikaa na kila katibu kwa nusu saa. Yule mama wa makamo aliibandika yake ukutani, kando ya kompyuta, na fomu za manjano zilizobaki akazigeuza upande wa nyuma, akawa anaandikia ujumbe wa simu.